Makaburi ya Mji wa Feleji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Matembezi ya Sheffield General Cemetery

Sheffield General Cemetery ni makaburi ya aina gani, na viwanda vinahusikaje?

Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, ilijipatia jina duniani kwa visu, tupa, misumeno na feleji (chuma cha pua). Makaburi haya yalifunguliwa mwaka 1836 kwenye mteremko wa Sharrow, unaoshuka hadi kijito cha Porter, kama kilomita moja na nusu kutoka katikati ya jiji. Yalipofungwa kwa maziko mapya mwaka 1978, walikuwa wamelazwa humo watu wapatao 87,000. Wengi wao waliishi kwa kazi ya chuma, au waliolewa na mtu wa chuma, au walizaliwa katika nyumba iliyolishwa na chuma.

Makaburi yenyewe nayo ni zao la enzi ya viwanda. Mji ulifurika watu waliokuja kutafuta kazi, viwanja vya makanisa vikajaa, na mwaka 1832 kipindupindu kikaua watu 402, akiwemo John Blake, mkuu wa chama cha wafua visu wakati huo. Suluhisho lilikuwa la kibiashara: iliundwa kampuni, watu wakanunua hisa, likapatikana eneo lililokuwa machimbo ya mawe, na viwanja vya kuzikia vikauzwa kwa bei iliyotofautiana kulingana na mahali vilipo. Msanifu alikuwa Samuel Worth, ambaye pamoja na B. B. Taylor alikuwa ametoka kubuni Cutlers' Hall, makao ya chama hicho cha wafua visu, yaliyojengwa 1832. Mtu yule yule aliwajengea wakubwa wa mji ukumbi wa karamu na mahali pa kulala milele.

Matembezi yanachukua muda gani, na yanapita wapi?

Tenga saa moja na nusu hadi saa mbili. Matembezi ya kuongozwa huandaliwa na Sheffield General Cemetery Trust, na waongozaji ni watu wa kujitolea. Angalia ratiba yao kabla ya kufunga safari, kwa sababu mada hubadilika. Siku moja huwa ni viwanda, siku nyingine mimea au usanifu. Ukikosa nafasi, eneo ni bustani ya umma na unaweza kupita mwenyewe kwa mpangilio huu.

Anzia chini, kwenye jengo la lango la Cemetery Avenue, lililojengwa juu ya kijito chenyewe. Panda hadi safu za vyumba vya kuzikia vilivyojengwa kwenye ukuta wa machimbo ya zamani. Endelea hadi kanisa dogo la Waprotestanti wasio Waanglikana, lenye nguzo za mtindo wa Kigiriki na madoido ya Kimisri, na njiwa aliyechongwa juu ya mlango. Siku hizi linaitwa Samuel Worth Chapel. Kutoka hapo zunguka kwenye makaburi ya wenye viwanda, vuka ukuta wa mgawanyo uingie upande wa Waanglikana uliofunguliwa 1850, kisha utokee juu kwenye lango la Kimisri la Cemetery Road, lenye nyoka wawili waliojikunja na kujiuma mikia.

Wengi huanzia juu kwa sababu kushuka ni rahisi. Ila ukianzia juu unakutana na graniti ya matajiri kabla hujaona maji yaliyowapa utajiri huo, na mtiririko wa maelezo unapotea.

Kwa nini kijito cha Porter ni muhimu hivyo?

Kabla ya mvuke, mawe ya kunolea ya Sheffield yalizungushwa na maji. Mji una mito mitano inayoteremka kwa kasi kutoka milimani, na Porter ni mmojawapo. Haina maji mengi, lakini ina mwinamo mkali, kwa hiyo iliwezekana kujenga bwawa dogo, kuzungusha gurudumu, kuyaachia maji yashuke mita mia chache, na kuyakusanya tena kwa gurudumu linalofuata.

Ukitaka kuona mtambo huo ukiwa mzima, fuata kijito kuelekea juu hadi Shepherd Wheel, katika msitu wa Whiteley. Gurudumu lake lina kipenyo cha takriban mita 5.5, kumbukumbu za mahali hapo zinarudi hadi karne ya 16, na kazi iliendelea hadi miaka ya 1930. Ndani utaona namna mnoaji alivyokaa: amepanda kiti cha mbao kama anayepanda farasi, mbele yake jiwe linazunguka kuelekea mbali naye, na chini yake kuna hori la maji lenye tope la njano la mchanga na chembe za chuma. Kichwa chake kiliinamia jiwe kutwa nzima. Shika picha hiyo akilini utakapopanda kwenye makaburi.

Wanoaji walikufa kwa nini?

Jiwe lilikuwa la mchanga mgumu, na vumbi lake laini lilikaa kwenye mapafu na kuyafanya yawe na makovu. Leo ugonjwa huo huitwa silikosisi, na mara nyingi ulifuatana na kifua kikuu.

Hatari haikuwa sawa kwa kila kazi. Visu vya mezani vilinolewa kwenye jiwe lililoloweshwa, na maji yalishusha sehemu ya vumbi. Uma zilinolewa kwenye jiwe kavu, na waliozinoa ndio waliokufa mapema kuliko wote. Wembe na mikasi vilipita kwenye mawe ya aina zote mbili. Dk. Arnold Knight wa Sheffield alikadiria kwamba mnoaji wa jiwe kavu kwa shida alifika miaka 35, na wa jiwe la maji mara chache alivuka 45. Wavulana walianza kazi wakiwa wadogo sana, hivyo mtu wa miaka 30 alikuwa tayari na vumbi la nusu ya maisha yake kifuani.

Daktari mwingine, George Calvert Holland, aliwachunguza mafundi wa mji kwa undani, na mwaka 1843 alichapisha matokeo yake juu ya magonjwa ya mapafu yanayoletwa na vumbi la kazini. Alifariki 1865 na amezikwa humu humu. Kaburi lake listahili kusimamiwa kwa muda mrefu, kwani alihesabu vifo ambavyo wengine waliviona ni sehemu ya kawaida ya biashara.

Vifaa vya kufyonza vumbi kwa feni na mrija vilikwishabuniwa, lakini havikuenea haraka. Waajiri hawakutaka gharama. Baadhi ya wanoaji nao walivikataa, wakiogopa kwamba kazi ikiwa salama itavutia watu wengi na ujira utashuka. Ukisimulia jambo hili kwa kikundi, usiliache lisikike kama ujinga wa wanoaji. Ujira wa juu kidogo ndio pekee waliokuwa wakilipwa badala ya miaka yao.

Kulikuwa pia na ajali. Jiwe lenye ufa usioonekana lilipasuka likiwa kasi na kumrusha mtu hadi darini.

Na usiwasahau wakata tupa. Tupa ya mkono ilikatwa jino baada ya jino kwa patasi na nyundo, huku chuma kikilazwa juu ya kitalu cha risasi ili upande uliokwisha kukatwa usiharibike. Mkata tupa alilamba kidole na kidole gumba ili aishike patasi vizuri, akarudi kugusa risasi, akalamba tena. Sumu iliingia taratibu hadi misuli ya mkono ikashindwa kukiinua kiganja.

Mbona sioni mawe ya kaburi ya watu hao?

Hapa ndipo matembezi mengi yanapotea njia. Mawe yaliyosimama yanakupa majina ya walioweza kulipia kiwanja, mchongaji na usafiri wa jiwe. Familia nyingi za wanoaji na wakata tupa hazikuweza. Walizikwa katika makaburi ya pamoja, jeneza juu ya jeneza, watu wasio na undugu, bila alama yoyote juu. Upande wa Waanglikana kuna kaburi moja lililolazwa watu 85.

Zaidi ya hapo, mwaka 1980 halmashauri ya jiji ilipata kibali cha Bunge cha kuondoa mawe ya kaburi yapatayo 800 upande huo ili pawe uwanja wa mapumziko. Kwa hiyo nyasi unazoziona pale zimefunika makaburi halisi, na miili bado ipo chini.

Mwongozaji mzuri hupanga vituo viwili au vitatu mahali ambapo hakuna jiwe kabisa. Simama kwenye nyasi, taja kazi, umri na mtaa kutoka kwenye daftari la maziko, na uwaache watu watazame ardhi tupu. Bila vituo hivyo, matembezi ya urithi wa viwanda yanageuka kuwa orodha ya mameya.

Mark Firth ni nani, na kwa nini kila mtu husimama kwake?

Mark Firth (1819–1880) ndiye mwenye feleji mashuhuri kuliko wote waliozikwa hapa. Baba yake, Thomas, alikuwa mkuu wa wayeyushaji katika kampuni ya Sanderson. Wanawe wakatoka na kuanzisha kazi yao wenyewe mwaka 1842, na kampuni ya Thomas Firth & Sons ikakua hadi Norfolk Works, kiwanda kikubwa kilichofua vyuma vya mizinga. Mark alikuwa mkuu wa chama cha wafua visu, akawa meya, akautolea mji bustani ya Firth Park iliyofunguliwa 1875, na mwaka 1879 akaanzisha Firth College, mojawapo ya vyuo vilivyozaa University of Sheffield.

Kwenye kaburi lake tazama kwanza uzio wa chuma, halafu jiwe. Uzio huo ulitengenezwa katika kiwanda chake mwenyewe cha Norfolk. Ni nadra kupata kaburi ambalo bidhaa ya marehemu imesimama pembeni yake.

Kituo hiki ndicho mahali pazuri pa kueleza feleji ya vyungu, iliyovumbuliwa na Benjamin Huntsman katika miaka ya 1740. Vipande vya chuma kilichotiwa kaboni viliwekwa kwenye chungu cha udongo na kuchomwa kwa makaa ya koki hadi karibu nyuzi 1,600 za selsiasi, kwa saa tatu au nne. Chungu kimoja kilitoa kilo ishirini na kitu tu. Udongo wa vyungu ulikandwa kwa miguu mitupu kwa saa nyingi, kwa sababu changarawe ndogo au povu moja la hewa lingeweza kukipasua chungu na kuimwaga feleji yote motoni. Mtoaji wa chungu alisimama juu ya tundu la tanuri amejifunga magunia yaliyolowa maji, akakiinua kwa koleo ndefu kutoka katikati ya miguu yake. Kumimina chuma kikubwa cha mzinga kulihitaji mamia ya vyungu vimiminwe mfululizo bila kukatika. Ukishafahamu hilo, unajua kwamba jina moja kwenye graniti limebebwa na mamia ya mikono.

Nitajuaje kazi ya marehemu kwa kulitazama kaburi?

Wakati mwingine imeandikwa wazi chini ya jina. Wakati mwingine mtaa au jina la kiwanda limetajwa badala ya kazi. Cheo cha mwenye kiwanda kisikudanganye: Sheffield ilijaa mafundi wadogo waliokodi chumba kimoja, wakaajiri watu wawili au watatu, na kujiita watengenezaji sawasawa na mwenye wafanyakazi elfu. Ili kuwatofautisha, linganisha jina na vitabu vya anwani za biashara vya miaka hiyo na hesabu ya watu ya Uingereza, ambayo kuanzia 1851 mara nyingi hutaja mwajiri ana watu wangapi chini yake.

Alama za kuchongwa nazo zahitaji tahadhari. Mtungi uliofunikwa kitambaa, nguzo iliyovunjika na mwenge uliopinduliwa ni alama za kifo, hazihusu kazi.

Mafuriko ya 1864 yana nafasi gani katika matembezi?

Kubwa. Usiku wa tarehe 11 Machi 1864 bwawa jipya la Dale Dyke, lililojengwa na kampuni ya maji ya Sheffield, lilipasuka likiwa linajazwa kwa mara ya kwanza. Maji yalishuka bonde la Loxley, yakasomba karakana za kunolea, viwanda vya kufulia chuma na nyumba za wafanyakazi, na watu wasiopungua 240 wakafa.

Jioni ile mfanyakazi mmoja aliona ufa kwenye tuta, mwembamba kiasi cha kuingia ncha ya kisu kidogo. Mhandisi mkuu, John Gunson, aliitwa kutoka mjini katikati ya dhoruba. Mabomba ya kupunguzia maji yalifunguliwa lakini hayakutosha, na jaribio la kulipua kizingiti cha maji ya ziada kwa baruti lilishindikana. Gunson alikuwa palepale tuta lilipokatika, akaokoka.

Wahanga 77 wa mafuriko hayo wamezikwa katika makaburi haya. Gunson, aliyefariki 1886, naye yuko humu. Waongozaji wengine hupita kwa wahanga peke yao, na wengine kwa mhandisi peke yake. Ungana na wanaopita kwa wote.

Je, kuna waliopigania haki za wafanyakazi?

Wapo. Samuel Holberry alikuwa mwanaharakati wa Wachati, vuguvugu lililodai kura kwa wanaume wa kawaida. Alikamatwa Januari 1840 kwa kupanga uasi Sheffield, akafungwa, akateswa na kazi ya kinu cha kukanyaga (gurudumu lenye vidato lililozungushwa kwa miguu ya wafungwa), na akafa gerezani York mwezi Juni 1842 akiwa na miaka 27. Taarifa za wakati ule zinasema watu hadi 50,000 walijitokeza kwenye mazishi yake. Hata ukipunguza idadi hiyo, mji ulisimama siku ile.

William Dronfield, mpiga chapa, alikuwa katibu wa muungano wa vyama vya wafanyakazi ulioanzishwa katika mkutano wa Sheffield mwaka 1866, miaka miwili kabla ya kuzaliwa kwa TUC, shirikisho la vyama hivyo linalodumu hadi leo.

Mawe yameharibika vibaya. Ni kwa uzembe?

Kwa sehemu ni uzembe, na kwa sehemu ni viwanda vyenyewe. Weusi unaouona ni ukoko wa masizi ya makaa ya mawe. Moshi huo huo ulileta mvua yenye tindikali, iliyoyeyusha marumaru. Ukipitisha macho kwenye marumaru yaliyoliwa, uso wake huonekana kama sukari, na herufi zimefifia.

Jiwe la mchanga huharibika kwa njia nyingine. Liliundwa kwa matabaka, na likisimamishwa matabaka yakiwa wima, maji huingia katikati, yakaganda wakati wa baridi, na uso mzima wenye maandishi hubanduka. Kuubandika upya hakuwezekani. Graniti iliyong'arishwa ndiyo inayodumu. Ilienea katika nusu ya pili ya karne ya 19, mashine za mvuke zilipoanza kuikata na kuing'arisha na reli zikaweza kuisafirisha kutoka Scotland. Kwa hiyo graniti nyekundu au ya kijivu yenyewe ni ushahidi wa enzi ya mashine.

Herufi za risasi zilizopigiliwa kwenye jiwe hudondoka. Usikate tamaa: matundu madogo ya kushikilia kila herufi hubaki, na mpangilio wake husomeka ukiwa na subira.

Adui mwingine ni kutu. Pini za chuma zilizounganisha vipande vya mnara huvimba zikishika kutu na kupasua jiwe kutoka ndani. Ukiona ufa ulionyooka na doa la rangi ya chungwa, umeshajua kilichotokea. Kwenye nyua, chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa, kina mstari mwembamba mahali ambapo kalibu mbili zilikutana, na kikipigwa huvunjika katakata. Chuma cha kufua hupinda kwanza, na kikiliwa na kutu huachana kwa nyuzi kama mti uliooza.

Nifanye nini ili nisome maandishi bila kuharibu?

Tumia mwanga wa pembeni. Asubuhi au jioni, jua likiwa chini, vivuli hujaa kwenye herufi. Kukiwa na mawingu, mtu mmoja ashike tochi yenye nguvu karibu na ukingo wa jiwe, mwanga ukisugua uso wake, na mwingine apige picha kutoka mbele. Sogeza tochi pande zote nne na upige picha kila mara, kwani herufi isiyoonekana kutoka kushoto huonekana kutoka juu. Kioo cha kawaida cha sentimita 30 hivi chatosha kuelekeza jua mahali penye kivuli. Nyumbani ongeza utofauti wa mwanga kwenye picha.

Usitumie chaki, unga, povu la kunyolea, brashi ya waya, sabuni wala tindikali. Povu huacha kemikali ndani ya vinyweleo vya jiwe, na waya hung'oa chembe pamoja na kuvu. Usilichubue jiwe kwa karatasi na penseli ya nta ikiwa linatoa sauti ya utupu ukiligonga kwa kucha, kwa maana uso wake umeshaachana na mwili. Kuvumwani, yaani utando hai unaoota kwenye jiwe, uache; baadhi yake ni wa umri mrefu na eneo hili ni hifadhi ya viumbe. Mmea wa kutambaa usiuvute: mizizi yake huenda ndiyo inayoshikilia vipande.

Nivae nini, na hatari ziko wapi?

Viatu vyenye soli inayoshika. Mteremko hauoni jua la kutosha, njia hukawia kukauka, na kuanzia Oktoba majani yaliyolowa juu ya mawe yana utelezi mbaya. Beba koti la mvua badala ya mwavuli, maana mikono utaihitaji. Usiegemee jiwe lolote, hata lililo imara machoni. Jiwe la mita moja na nusu lina uzito wa mamia ya kilo, na msingi wake huenda umelegea. Watoto wasipande juu ya minara wala wasikae kwenye vifuniko vya makaburi. Usiache njia kuingia kwenye vichaka, kwani ardhi juu ya makaburi ya zamani huweza kudidimia.

Kwa mwenye kiti cha magurudumu, mwinamo na ngazi ni kikwazo halisi. Wasiliana na waandaaji mapema wakuambie sehemu ipi inafikika. Choo malizana nacho mjini au kwenye mgahawa wa Ecclesall Road kabla ya kuingia.

Nataka kuongoza kikundi changu mwenyewe. Nianzie wapi?

Pita njia yote mara kadhaa, angalau mara moja kukiwa na mvua. Watu 15 ni kiasi kizuri. Wakizidi 20, wa nyuma hawasikii na huanza kuzungumza yao. Chagua vituo nane au tisa, dakika tano hadi saba kila kimoja. Simama upande wa juu wa mteremko ili sauti ishuke kwao, jua liwe usoni mwako badala ya machoni mwao. Mtu mmoja akae mwisho wa msafara. Beba vitu vya kushikwa: tupa kuukuu, kisu cha mezani butu, kipande cha jiwe la kunolea. Tupa ikipita mikononi, watu huhesabu meno yake wenyewe, na hapo huhitaji kuwaeleza ugumu wa kazi.

Usitaje jambo ambalo hukulithibitisha kwenye rekodi. Hadithi za makaburi hukua kila zinaposimuliwa. Na ukiandaa kikundi kikubwa, waarifu wasimamizi mapema.

Je, kuna adabu maalumu?

Ni ile ile unayoijua: usikanyage kaburi, usiketi juu yake, punguza sauti ukimkuta mtu peke yake mbele ya jiwe. Kupiga picha kunakubalika. Utawaona wakazi wakitembeza mbwa na wakimbiaji wakipita, jambo linaloweza kukushangaza. Huku makaburi ya zamani yamekuwa bustani, na kwao si dharau.

Namtafuta mtu fulani aliyezikwa hapo. Nifanyeje?

Sheffield General Cemetery Trust ina hifadhidata ya maziko kwenye tovuti yake, na rekodi za zamani ziko Sheffield Archives. Anza na jina la ukoo na mwaka wa karibu. Jaribu tahajia mbalimbali, kwani karani aliandika alivyosikia. Ukipata namba ya kiwanja, iandike na uende nayo. Kuwepo kwenye daftari hakuna maana kwamba jiwe lipo. Kwa watoto wachanga, kazi iliyoandikwa kwa kawaida ni ya baba, na hiyo ni njia nzuri ya kuwafikia wanoaji wasio na mawe yao: tafuta vifo vya watoto wao.

Kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo, kwenye mpini wa kisu. Visu vya mezani vya hali ya juu vya Sheffield vilitiwa mipini ya pembe za ndovu, na pembe zilifika Uingereza kutoka sehemu nyingi za Afrika. Karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kuu la pembe za pwani yetu, na shehena zake zilikwenda London, Bombay na Marekani. Kabla ya hapo zilikuwa zimebebwa mabegani na wapagazi, wakiwemo Wanyamwezi, kwa miezi mingi kutoka bara hadi Bagamoyo. Mwenye duka la visu ana kaburi lenye jina. Mpagazi aliyefia njiani hana.

Matembezi ya namna hii yanawezekana hata kwetu. Nairobi South Cemetery ina kaburi la Charles Ryall, ofisa wa polisi wa reli aliyeuawa na simba Kima mwaka 1900 akiwa ndani ya behewa, na wageni wengi huenda kwa ajili yake tu. Lakini katika ujenzi wa reli ya Mombasa hadi Ziwa Victoria, 1896 hadi 1901, waliletwa wafanyakazi 31,983 kutoka India, na 2,493 kati yao walikufa. Anayeongoza watu pale aanze na namba hiyo, ndipo afike kwa Ryall.

Nikimaliza, niende wapi kuona mitambo yenyewe?

Ukiwa na nusu siku, nenda Kelham Island Museum. Kuna tanuri la Bessemer, la kugeuza chuma kilichoyeyuka kuwa feleji kwa kupulizia hewa, mojawapo ya machache yaliyobaki duniani, na injini ya mvuke ya River Don ya mwaka 1905 yenye nguvu za farasi 12,000. Uliza saa inapowashwa, kwa kuwa ikiwa imezimwa hupati hata robo ya ukubwa wake. Kwa siku nzima ongeza Abbeydale Industrial Hamlet, ambako tanuri la feleji ya vyungu limehifadhiwa kamili pamoja na chumba cha kukandia udongo. Shepherd Wheel haifunguliwi kila siku, na gurudumu huzunguka tu kukiwa na maji ya kutosha bwawani, kwa hiyo baada ya wiki za ukavu piga simu kwanza.